SOMO LA UFUGAJI: Bata Anapopukutisha Manyoya, Asipunguziwe Chakula

Katika boma nyingi za Kilifi, bata hufugwa kwa ajili ya mayai ya nyumbani na ya kuuza sokoni. Kila mwaka bata hao hupukutisha manyoya ya zamani ili kuota mapya, na wakati huo huacha kutaga. Hapo ndipo kosa hufanyika. Kwa kuwa hakuna mayai, wafugaji wengi huona hasara kununua chakula, hivyo bata huachiwa machicha ya nazi, pumba za mahindi na mabaki ya ugali. Miezi michache baadaye bata wana manyoya hafifu yaliyopasuka ncha, nayo mayai yamechelewa kurudi.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua chakula cha kuwarudishia bata manyoya mazuri.

Kutambua chanzo

Si kila upara ni wa njaa. Bata jike akikosa manyoya kisogoni na mgongoni, huenda madume ni wengi mno. Dume 1 hutosha majike 5. Bata akijikuna na kujidonoa mchana kutwa, achunguzwe chawa na utitiri chini ya mbawa na karibu na mkia. Manyoya yakidondoka huku vichipukizi vipya vikionekana kwenye ngozi, huko ni kupukutisha kwa kawaida. Lakini manyoya mapya yakiota machache, yasiyong'aa na yenye kukatika ovyo, chakula ndicho cha kuangaliwa kwanza kabla ya kununua dawa.

Kwa nini protini

Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini. Yai nalo huhitaji protini. Bata akipata kidogo, hana budi kukosa kimoja au vyote viwili.

Bata anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Mahindi yana takriban asilimia 9 tu, na machicha ya nazi hushibisha bila kujenga mwili vya kutosha. Tena, bata anahitaji vitamini iitwayo niasini kwa wingi kuliko kuku. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa yake mwili wa bata hauwezi kuitumia. Dagaa, karanga na pumba za ngano husaidia kuziba pengo hilo.

Anayenunua chakula dukani

Chakula cha kuku wa mayai kinawafaa bata wanaotaga. Kabla ya kulipa, mfugaji asome lebo na kuhakikisha kwamba:

- protini si chini ya asilimia 16;
- tarehe ya mwisho ya matumizi haijapita;
- gunia limeshonwa, ni kavu na lina alama ya ubora ya KEBS.

Kikipatikana cha punje, ni bora kuliko cha unga, kwani bata humwaga unga mwingi na kuuchanganya na maji. Vifaranga wasipewe chakula cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi inayoweza kudhuru figo zao. Wapewe chakula cha vifaranga chenye protini ya takriban asilimia 20.

Anayechanganya nyumbani

Kwa kilo 10 za chakula cha bata wanaotaga:

- mahindi yaliyoparazwa, kilo 5;
- mashudu ya alizeti, kilo 2;
- pumba za ngano, kilo 1 na nusu;
- dagaa wakavu waliosagwa, wasio na mchanga wala chumvi nyingi, kilo 1;
- chokaa ya mifugo, nusu kilo.

Mchanganyiko huu hutoa protini ya takriban asilimia 16 hadi 17. Uongezwe vitamini na madini ya kuku wa mayai kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Bata 6 wasiotoka nje hula karibu kilo 1 kwa siku, hivyo kilo 10 huwatosha siku 10 hivi.

Bata wakianza kupukutisha, chokaa iondolewe, lakini dagaa na mashudu yasipunguzwe. Maganda ya chaza yaliyopondwa yawekwe kwenye chombo cha pembeni, kila bata ale kwa haja yake. Chakula kibadilishwe polepole kwa muda wa siku 7 ili bata wasikikatae.

Ukungu ni hatari

Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu yasipewe bata hata kidogo. Bata ni miongoni mwa ndege wanaodhuriwa upesi sana na sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi. Sumu hiyo hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoharibika. Kwa hiyo mahindi yasiyomfaa mtu yasitupiwe ndege, hasa ndege ambao mayai yao yataliwa na watoto. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mahali panapovuja.

Maji

Chombo cha maji kiwe na kina cha kumwezesha bata kuzamisha mdomo hadi puani. Akipata pia beseni la kuogea, husafisha manyoya na kuyapaka mafuta yatokayo kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Chakula kilicholowa kikibaki hadi jioni, kitupwe.

Matokeo huonekana lini?

Unyoya ulioharibika haupony. Hubaki hivyo hadi udondoke na mwingine uote. Mfugaji asikate tamaa akiona manyoya ya zamani hayajabadilika baada ya wiki mbili. Aangalie yale yanayochipuka: yakiwa laini, mazima na yenye kung'aa, chakula kinafanya kazi.

Bata wakiendelea kukonda, kuharisha au kufa licha ya lishe nzuri, mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi yake mapema. Huduma ya ushauri ikitangulia, gharama ya dawa hupungua.