Kwa Nini Takwimu za Moyo Zisichelewe?

Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huwa na kasoro ya moyo. Wengine wana tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba vya moyo. Wengine mishipa mikubwa imekaa mahali pasipo pake. Baadhi hupona wenyewe, baadhi huhitaji upasuaji.

Somo letu linahusu kazi inayofuata baada ya upasuaji: kuandika taarifa za mtoto na kuzipeleka kwenye rejista. Utauliza, "Sasa daftari linaponyaje moyo?" Swali zuri. Hebu tuone.

REJISTA NI NINI?

Unalijua daftari la mahudhurio darasani kwenu. Mwalimu huita majina kila asubuhi. Akingoja hadi mwisho wa muhula ndipo alijaze kwa kukumbuka-kumbuka, litakuwa na makosa tele, hata kama mwalimu si mwongo. Na yule mwanafunzi aliyetoroka wiki tatu hatajulikana mapema akasaidiwa.

Rejista ya moyo ni vivyo hivyo. Kila hospitali hupeleka mahali pamoja taarifa za kila mtoto: umri, uzito, kasoro aliyonayo, aina ya upasuaji, na kama alikuwa hai siku 30 baadaye. Umri na uzito vina maana yake. Kumpasua mtoto mchanga wa kilo 2 si sawa na kumpasua wa kilo 20. Hospitali inayopokea wagonjwa wazito isihukumiwe sawa na inayopokea wepesi.

YALIYOTOKEA BRISTOL

Uingereza ilianza rejista ya upasuaji wa moyo mwaka 1977. Lakini hospitali zilipeleka jumla za mwaka tu, tena kwa hiari, na matokeo yalitolewa bila kutaja jina la hospitali yoyote.

Mwaka 1988 Dk. Stephen Bolsin, daktari wa nusukaputi, alianza kazi katika hospitali ya Bristol Royal Infirmary. Aliona watoto wanakaa muda mrefu mno kwenye upasuaji, na wengi wanakufa. Akaanza kukusanya takwimu mwenyewe. Ilichukua miaka kabla hajasikilizwa.

Baadaye tume iliundwa, ikiongozwa na Profesa Ian Kennedy. Ripoti yake ilitoka Julai 2001. Ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995, watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa katika hospitali ya kawaida ya aina hiyo. Cha kusikitisha, takwimu zilikuwapo nyingi tu. Hakukuwa na mtu mwenye wajibu wa kuzitazama mapema na kuchukua hatua.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Tuseme hospitali imepasua watoto 50, na 3 wamekufa. Hiyo ni asilimia 6.

Sasa karani amechelewesha fomu za watoto 10 waliopona. Rejista inaona watoto 40, vifo 3: asilimia 7.5. Hospitali inaonekana mbaya bure.

Au fomu zilizochelewa ni 2 za watoto waliokufa. Rejista inaona watoto 48, kifo 1: kama asilimia 2. Hospitali inasifiwa, kumbe kuna tatizo. Fomu chache tu, na picha yote imegeuka!

Jambo kama hili si la vitabuni tu. Machi 2013, upasuaji wa moyo wa watoto ulisimamishwa katika hospitali ya Leeds General Infirmary, Uingereza. Takwimu za awali zilionyesha vifo vingi kuliko kawaida, lakini taarifa za hospitali hiyo zilikuwa pungufu. Zilipokamilishwa na kuchambuliwa upya, wakaguzi waliona ni salama kuendelea. Upasuaji ukaanza tena Aprili. Lakini fikiria wazazi waliokuwa wakisubiri zamu ya mtoto wao siku zile!

TUFANYEJE ZISICHELEWE?

1. Taarifa ziandikwe siku ileile ya upasuaji, wakati kila mtu anakumbuka.
2. Kazi hii iwe na mwenyewe. Kazi ya wote mara nyingi huwa si kazi ya mtu. Daktari anayetoka kupasua saa nane hana nguvu ya kujaza fomu usiku.
3. Programu ya kompyuta ikatae fomu yenye nafasi tupu, kwa mfano isiyo na uzito wa mtoto.
4. Wakaguzi waende hospitalini kulinganisha rejista na daftari la chumba cha upasuaji. Uingereza hufanya hivyo.
5. Hospitali irudishiwe matokeo yake haraka. Mtu hachoki kupeleka taarifa akiona zinamsaidia.

WEWE JE?

Si lazima uwe daktari ndipo uokoe watoto. Ukipenda hesabu au kompyuta, kazi ya takwimu za afya inakuhitaji. Na kama nyumbani kuna mdogo wako aliyepasuliwa moyo, mkumbushe mama ampeleke kliniki siku aliyopangiwa, na aache hospitalini namba ya simu inayopatikana. Mtoto asipoonekana tena, hospitali haiwezi kujua kama amepona au la.

MASWALI YA KUJADILI

1. Hospitali imepasua watoto 80, na 4 wamekufa. Fomu 16 za waliopona hazijafika. Rejista itaonyesha asilimia ngapi ya vifo? Ukweli ni asilimia ngapi?
2. Kwa nini si haki kulinganisha hospitali mbili bila kujua umri na uzito wa wagonjwa?
3. Je, wananchi waonyeshwe matokeo ya kila hospitali kwa jina? Gawanyikeni makundi mawili mjadili.