Kubadili Kiowevu cha Kupozea Injini ya Pikipiki

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu hupozwa kwa hewa: silinda yake ina mapezi ya alumini, na upepo wa mwendo huyapunguzia joto. Lakini pikipiki kubwa, pamoja na nyingi za zile za magurudumu matatu zichukuazo mizigo, hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu kati ya injini na rejeta. Makala haya yanahusu aina hii ya pili. Kazi yenyewe yaweza kufanywa nyumbani kwa spana, karai na subira, na mwalimu wa fizikia au kemia atakuta ndani yake mifano ya kutosha kwa vipindi kadhaa.

Nimesema maji, na neno hilo ndilo linalowaponza wengi. Kwa kubeba joto, maji hayana mpinzani wa bei nafuu: kilo moja huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi 1 ya Sentigredi. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethileni glaikoli, ambao mafundi huuita kulanti, huhitaji pungufu ya hapo. Kwa nini basi tuuchague? Katika nchi za baridi jibu ni barafu, kwani mchanganyiko huo hauigandi mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Sisi wa nchi za joto tunautaka kwa sababu nyingine. Huchemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100. Na, jambo kubwa zaidi, umetiwa dawa za kuzuia kutu. Alumini, chuma na shaba zilizogusana ndani ya maji yenye chumvi huwa kama betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo huliwa. Maji ya visima vya pwani huharakisha uharibifu huo. Maji magumu nayo huacha ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika la chai, na ukoko huo huzuia joto lisitoke.

Dawa hizo hutumika zikaisha, na glaikoli yenyewe huungana na oksijeni polepole ikatoa asidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza kiowevu kibadilishwe kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama bado kinang'aa. Rangi, iwe ya kijani, nyekundu au buluu, imetiwa na mtengenezaji kwa hiari yake. Haielezi hali ya dawa iliyomo.

Sasa tuje kwenye hatari ya kwanza. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoruhusu kanieneo ya ndani ipite ile ya hewa kwa kilopaskali 110 hivi, kwa hiyo hata maji matupu hayachemki ndani yake mpaka nyuzi 121 hivi. Tuseme kuna kilo 1 ya maji kwenye nyuzi 110, na mtu akafungua kifuniko. Ghafla kiwango cha kuchemka hushuka hadi 100. Joto la ziada ni 4.2 × 10, yaani kilojuli 42. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260. Basi gramu 19 hivi hugeuka mvuke mara moja. Gramu 1 ya mvuke huchukua karibu lita 1.7. Jumla ni lita 31 au 32, zaidi ya debe moja na nusu, na mvuke huo huyasukuma maji yaliyobaki hadi usoni kwa mfunguaji. Injini na ipoe kabisa, afadhali usiku kucha.

Karai likiwa chini, legeza bolti ya kumwagia, ambayo mara nyingi iko kwenye pampu. Mwanzoni kiowevu hutiririka kidogo. Fungua kifuniko cha rejeta, hewa iingie, nacho kitamwagika chote. Mwaga pia kilichomo katika chupa ya akiba. Kitazame. Kikiwa na kutu, suuza njia zake kwa maji safi kabla ya kujaza. Kikifanana na chai ya maziwa, huenda oili imepenya kwenye gasketi. Hapo acha kazi, umwone fundi.

Kilichomo karaini ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa au mbuzi hukinywa bila kusita. Ini hugeuza glaikoli kuwa asidi, mojawapo ikiwa asidi oksaliki, ambayo huungana na kalisi ya damu na kufanya fuwele zinazoharibu figo. Dalili za mwanzo hufanana na ulevi, kisha mgonjwa huweza kuonekana amepata nafuu. Asisubiriwe, apelekwe hospitali mara moja. Kitie katika dumu lenye maandishi, kamwe si chupa ya soda, ukipeleke kwenye gereji inayopokea taka za namna hiyo. Kisimwagwe mtaroni wala shambani.

Funga bolti kwa washa mpya, bila kutumia nguvu nyingi, maana hesi za alumini huharibika upesi. Kama umenunua kiowevu kisichochanganywa, tumia maji yaliyokenekwa, yale yauzwayo kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri: tindikali ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Kilichochanganywa tayari kisiongezwe maji.

Mimina polepole, kwani mapovu ya hewa yaliyonaswa hayabebi joto, na sehemu ya silinda yaliyoikalia yaweza kuungua. Washa injini dakika 2 au 3 tu, kifuniko kikiwa wazi, huku ukiiinamisha pikipiki kulia na kushoto. Kina kikishuka, ongeza, kisha funga. Jaza chupa ya akiba hadi kati ya alama zake mbili. Kesho yake asubuhi, kabla ya safari, itazame tena, kwa kuwa hewa iliyosalia huwa imetoka usiku na kina huwa kimepungua.