Mama Akiambiwa Ana Saratani ya Mlango wa Kizazi: Matumaini Yanaanzia Wapi

Watoto wa mgonjwa wakiingia kwa daktari, swali la kwanza huwa moja: "Atapona?" Ni swali la haki. Shida ni kwamba daktari mkweli hawezi kulijibu kwa neno moja, na asipolijibu, kila mtoto hutoka nje na tafsiri yake. Huyu ameshaanza kulia, yule anapiga simu kutafuta mganga. Ulizeni hivi: "Matibabu ya mama yanalenga nini?" Hapo mtajibiwa. Huenda yanalenga kuumaliza ugonjwa. Huenda yanalenga kuuzuia usiende mbio, mama asiteseke na aishi vizuri kadiri inavyowezekana. Njia zote mbili zina cha kutumainia, ila si kitu kilekile, na familia isiyojua iko kwenye njia ipi hupoteza nguvu na fedha mahali pasipo.

Nimechagua saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania, na kwa sababu watu wameikatia tamaa kuliko inavyostahili.

Chukua suala la hatua. Kinyama kikishapimwa maabara na saratani ikathibitika, madaktari huangalia imeenea kiasi gani, kisha huipa namba, ya kwanza hadi ya nne. Hatua ya kwanza ugonjwa bado uko kwenye mlango wa kizazi tu. Ya pili umetoka nje kidogo. Ya tatu umefika kwenye kuta za nyonga au sehemu ya chini ya uke, au umebana mirija ya mkojo, au umeingia kwenye tezi za jirani. Ya nne umeingia kwenye kibofu au kwenye njia ya haja kubwa, au umesafiri mbali, kwenye mapafu au ini. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na mtaani ukitamka "hatua ya tatu" watu hunyamaza kama wamesikia habari ya msiba. Hatua ya tatu ya saratani hii bado hutibiwa kwa nia ya kuponya. Hawaponi wote, na nafasi ni ndogo kuliko ya aliyewahi mapema, lakini wapo wanaopona, na wanapona kwa matibabu.

Matibabu yenyewe, kwa hatua hizo za katikati, huwa ni mionzi na dawa kwa pamoja. Mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano. Mara moja kwa wiki mama huwekewa dripu ya dawa iitwayo sisplatini, kama figo zake zinaruhusu. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari kwamba kuunganisha dawa hiyo na mionzi kunaokoa wanawake wengi zaidi kuliko mionzi peke yake, na hadi leo mpango huo ndio msingi wa tiba. Mwisho huja mionzi ya ndani: kifaa huingizwa kupitia ukeni kikapeleka mionzi palepale penye ugonjwa, mara chache tu, kisha kikatolewa.

Kazi yote hiyo inatakiwa iishe ndani ya wiki nane. Siku zikirukwa, matibabu yakavutwa hadi wiki ya kumi au ya kumi na mbili, saratani hupata nafasi ya kujijenga upya na uwezekano wa kupona hushuka. Kwa hiyo swali la kama mama atapona lipo kwa daktari na kwenye mashine, lakini lipo pia kwenye nauli, mahali pa kulala, na nani atamsindikiza Jumanne. Hapo ndipo watoto wenye mapenzi na mama yao wanapopata kazi ya kufanya.

Anayetoka Songea, Kigoma au anayevuka na boti kutoka Unguja kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ajipange kwa miezi miwili, asijipange kwa wiki moja. Wa Kanda ya Ziwa wana Bugando, Mwanza, ambako pia kuna mionzi, na mara nyingi ni karibu na nafuu zaidi. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya safari. Mmoja achukue jukumu la malazi, mwingine nauli za kila siku, mwingine chakula. Aliye mbali, hata akiwa Muscat au Minneapolis, atume kiasi kinachojulikana kila wiki badala ya fungu kubwa mara moja na kimya baadaye. Hospitalini nendeni mapema ofisi ya ustawi wa jamii mkaulize kuhusu msamaha wa gharama na hosteli ya wagonjwa. Wengi huenda huko fedha zikishakwisha, wakati walipaswa kuanzia huko. Mashine ikiharibika, msiondoke bila kumwuliza daktari siku zilizopotea zitafidiwa vipi.

Kisha jihadharini na wiki ya tatu au ya nne. Wakati huo damu iliyomtoka mama kwa miezi huwa imekauka na harufu imekwisha, naye anaanza kusema amepona, shamba linaota magugu, arudishwe nyumbani. Ni furaha ya kweli, na inastahili kusherehekewa. Lakini kuondoka wakati huo bila mionzi ya ndani ni kuacha kazi katikati, kwa sababu mionzi ya nje pekee mara nyingi haitoshi kuumaliza ugonjwa. Mama anayekatisha hapo anaweza kurudi baada ya miezi kadhaa akiwa na hali ambayo mionzi haiwezi tena kuitibu. Kama kuna jambo moja katika makala haya la kumpigia mtu simu na kumwambia usiku huu, ni hili.

Mengine ni madogo kwa macho tu. Siku ya kupangiwa mionzi, mtaalamu humlaza mama kwenye kitanda cha mashine na kumchora alama za wino, tumboni na ubavuni mwa nyonga. Alama hizo huongoza mashine ipige mahali palepale kila siku. Mama aliyezoea kujisugua kwa dodoki huzifuta jioni hiyohiyo bila kujua. Mwambieni apitishe maji tu, ajikaushe kwa kugusisha kanga laini, na asipake mafuta au dawa yoyote hapo bila kuuliza. Zikififia awaambie wataalamu, asizikoleze mwenyewe kwa kalamu. Wengine huambiwa wanywe maji na wabane mkojo kabla ya kuingia. Si usumbufu wa bure: kibofu kilichojaa huusogeza utumbo kando ya mionzi.

Mama aliyevuja damu muda mrefu hufika akiwa na damu pungufu, na matibabu hayaendi vizuri hivyo. Kijana wa kiume anayesimama ukumbini hajui ashike nini aende akachangie damu. Awepo pia mtu mwenye daftari: tarehe, mionzi ya ngapi, dripu ya ngapi, majibu ya damu na figo, dawa alizopewa, alichokula, alivyolala. Daktari mwenye foleni ndefu humsaidia haraka zaidi mgonjwa ambaye habari zake zimeandikwa.

Kuharisha, uchovu, kichefuchefu na maumivu wakati wa haja ndogo hutokea, na vingi vina dawa, mradi aseme. Lakini homa ya nyuzi 38 na kuendelea kwa mgonjwa aliye kwenye dripu haisubiri asubuhi, kwa kuwa kinga yake inaweza kuwa imeshuka sana. Msimpe panado mkalala, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo damu ikitoka kwa wingi, mkojo ukikata, au akitapika kiasi cha kushindwa kuweka hata maji tumboni.

Sasa lile zito: mama aambiwe?

Katika nyumba nyingi watoto na wajomba hukubaliana kumficha. "Presha itapanda." "Atakufa kwa mawazo." Nia ni njema, nami siibezi. Lakini mwanamke anayekaa wiki tano kwenye benchi la hospitali ya saratani, katikati ya wanawake wenzake wenye alama kama zake, atajua. Akijua peke yake, hana wa kumwuliza, maana amewaona nyote mnaigiza. Anabaki na hofu yake na ya kwenu pia. Ugonjwa ni wake na mwili ni wake, na daktari anahitaji ridhaa yake. Mwulizeni kwanza angependa kujua kiasi gani. Wapo watakaosema, "Mwanangu, niambie kila kitu," na wapo watakaosema, "Ongea na daktari, mimi nitamwachia Mungu." Majibu yote mawili yaheshimiwe. Kisichofaa ni kumwambia ana "kidonda cha tumbo."

Na aambiwe na nani? Ugonjwa huu uko sehemu ambayo mtoto wa kiume haongei na mama yake. Tafuteni mama mdogo, shangazi, au binti mkubwa aingie naye chumbani kwa daktari na amsikilize yale asiyoweza kuyasema mbele yenu, yakiwemo maswali ya unyumba baada ya mionzi. Baba naye asiachwe nje. Wanaume wengi hujitenga kwa kutojua. Aelezwe kwamba saratani haiambukizi, na kwamba mkewe akitoka kwenye mionzi ya nje hana mionzi mwilini: ale naye sahani moja, na wajukuu wakae mapajani mwa bibi yao.

Ipo pia aibu. Watu husikia kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi cha HPV kinachopita kwa kujamiiana, wakaanza kunong'ona. Ukweli ni kwamba HPV humpata karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana, hata aliyekuwa na mwenza mmoja maisha yake yote. Kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki miaka kumi, kumi na mitano au zaidi kabla ya kuleta saratani. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari takriban mara sita zaidi, na anatibiwa saratani huku akiendelea na ARV zake kila siku. Hakuna hukumu ya tabia ndani yake. Mtoto akilisema hilo kwa sauti mbele ya ndugu, atamtua mama mzigo ambao hakuna dripu inayoutibu.

Kuhusu ule usemi wa "kansa haitaki kisu": kukata kinyama hakuisambazi saratani ya mlango wa kizazi, na bila kipimo hicho hakuna matibabu yanayoweza kupangwa. Kumnyima mama ugali na chai ya sukari kwa madai kwamba saratani inakula sukari ni kumdhoofisha tu. Anahitaji kula, mayai, samaki, maharage tumbo likiruhusu, uji ulioshiba. Mitishamba mwambieni daktari hata kama mnaogopa kugombezwa, maana baadhi huumiza ini na figo zilezile zinazohangaika na sisplatini. Maombi na dua ziendelee. Hazigongani na mionzi, mradi asiwepo wa kumwambia mama aache matibabu ili athibitishe imani.

Na kama daktari amesema nia si tena kuponya? Hapo ndipo ndugu husema "wamemrudisha," kana kwamba hospitali imefunga mlango. Kinachobaki kina jina, tiba shufaa, na ni tiba kamili: kuondoa maumivu, kuzuia damu na harufu, kutuliza pumzi, kumsikiliza mgonjwa na jamaa zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Boston, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba waliopata tiba shufaa tangu mwanzo, sambamba na matibabu ya kawaida, waliishi wakiwa na hali bora na sononeko kidogo, na waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani wa kati, dhidi ya 8.9. Kwa hiyo msisubiri mwisho ndipo muiulizie.

Mofini ya maji ndiyo inayoogopwa zaidi. Uganda imetuonyesha njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga ikichanganywa na maji kwa gharama ndogo ili mgonjwa ainywee nyumbani kwake, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Ikitolewa kwa kipimo kinachostahili, mofini haimuui mgonjwa, na anayeitumia kwa maumivu ya saratani chini ya daktari si mlevi wa dawa. Hupewa kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi, na pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga. Mama aliyelala usiku mzima bila kuugulia anaweza kesho yake kupanga mambo: nani achukue kitenge kipi, shamba la bondeni lilimwe na nani, nani asuluhishwe na nani. Kutumainia harusi ya mjukuu mwezi ujao, au Idi, au Krismasi nyumbani bila maumivu, ni tumaini halisi, na familia inaweza kulifanyia kazi.

Limebaki moja, la kwenu watoto wa kike. Saratani hii hutanguliwa na mabadiliko yanayoonekana kabla hayajawa saratani. Muuguzi hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, huangalia, na majibu hupatikana hapohapo. Mabadiliko yakionekana, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa joto au baridi kali. Kwa wasichana, Tanzania inatoa chanjo ya HPV nchi nzima tangu 2018, na mwaka 2024 ilihamia kwenye dozi moja bila malipo, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mnapompeleka mama kliniki, dada zake na binti zake wenye miaka 30 na zaidi, na wanaoishi na VVU kuanzia 25, waulizie chumba cha uchunguzi wapimwe kabla ya kurudi nyumbani.