"Kuliko" na "Than": Mtego wa Ulinganishi katika Maswali ya Sarufi ya Kiingereza

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili huko Mautuma, eneo la Lugari katika Kaunti ya Kakamega, alitakiwa kukamilisha sentensi hii: "Of the two sisters, Nekesa is the ___." Alipewa majibu manne: "tall", "taller", "tallest" na "most tall". Alichagua "tallest", akakosa, na pambizoni mwa karatasi akaandikiwa kwamba hakusoma. Nilikuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha, somo langu likiwa Kiswahili, naye akaniletea karatasi hiyo akilalamika kwamba ameonewa. Kwa upande wa alama hakuonewa. Kwa upande wa yale maandishi ya pambizoni, nadhani alionewa.

Mautuma ni sehemu ya mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi katika miaka ya 1960, na waliohamia huko walitoka pande mbalimbali za nchi ya Waluhya. Mtoto wa huko husikia Lulogooli, Lubukusu na Kiswahili muda mrefu kabla ya kukutana na Kiingereza cha vitabuni. Katika Kiswahili, kivumishi hakibadiliki umbo kwa sababu ya ulinganishi. Kati ya dada wawili, Nekesa ndiye mrefu zaidi. Kati ya wasichana wote wa shule, Nekesa ndiye mrefu zaidi. "Zaidi" ile ile huwatumikia wawili na mia. Kiingereza cha mitihani hakikubali hivyo: wawili wana umbo lao, na watatu na kuendelea wana lao. Waingereza wenyewe huivunja kanuni hii mara nyingi wanapozungumza, lakini msahihishaji hasahihishi mazungumzo.

Tulichunguze neno "kuliko" lenyewe. Tukilichanganua tunapata "ku-" ya mahali, "-li-" ambayo ni kitenzi cha kuwa, na "-ko" ambayo ni kirejeshi cha mahali. Kwa asili, basi, tunaposema Nekesa ni mrefu kuliko Nasimiyu, tunamweka Nekesa mbele ya mahali alipo Nasimiyu. Tunayo pia njia ya pili, ile ya kitenzi: Nekesa anamshinda Nasimiyu kwa urefu, au ni mrefu kumpita. Lubukusu nayo hutumia kitenzi "khukhila", yaani kushinda au kupita. Leon Stassen, aliyelinganisha lugha 110 katika kitabu chake cha mwaka 1985, aliutambua ulinganishi wa aina hii ya "kushinda" kuwa mojawapo ya aina kuu duniani, na Afrika ni miongoni mwa makao yake. Mwanafunzi wetu ana mfumo kamili kichwani. Tatizo ni kwamba mfumo huo si ule unaotahiniwa.

Makosa mengine yanaeleweka kwa njia hiyo hiyo. "More better" huchekwa sana madarasani. Lakini "bora" ya Kiswahili haina "zaidi" ndani yake, ndiyo maana "bora zaidi" ni sahihi kabisa. "Better" tayari imeimeza "more". Vivyo hivyo, anayependelea chai kuliko kahawa ataandika "prefer tea than coffee", ilhali Kiingereza hudai "to". "Superior", "inferior", "senior" na "junior" pia hufuatwa na "to". Hayo manne yalikuwa tayari maumbo ya ulinganishi katika Kilatini. Hapa pana haja ya kukariri tu.

Kuna mahali ambapo Kiswahili humsaidia mtahiniwa, na hapa ndipo walimu wa masomo haya mawili wangepaswa kuketi pamoja. Chukua sentensi "The maize of Mautuma is better than Butere." Ni kosa, kwa kuwa inalinganisha mahindi na mji. Mwanafunzi yuyo huyo hawezi kusema "mahindi ya Mautuma ni bora kuliko Butere". Atasema "kuliko ya Butere". Ile "ya" ndiyo "that of" anayotafutiwa. Mwambie aanze na Kiswahili, ahesabu vipashio, kisha avuke. Kadhalika, "wengine" katika "mrefu kuliko wasichana wengine wote" humkumbusha "other" katika "any other girl", kwa maana Nekesa hawezi kujishinda mwenyewe.

Katika KCSE, sarufi ya Kiingereza hubeba alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili. Si nyingi, ila zimewahi kumtenga mtu na kozi aliyoitamani.

Swali gumu kuliko yote ni lile la kiwakilishi: "She likes him more than I" au "than me"? Kiswahili pia kina utata huu. "Mama anampenda mtoto kuliko baba" ina maana mbili, na nyumba inaweza kuingia fitina kwa sababu yake. Nilimpa mwanafunzi wangu sentensi hiyo aitenganishe. Akaandika "kuliko baba anavyompenda", na chini yake, "kuliko anavyompenda baba". Kisha, bila kuambiwa, akaandika "than I do" kando ya ya kwanza na "than she likes me" kando ya ya pili, akaniuliza kwa nini karatasi ya mtihani haikuiandika sentensi yote hadi mwisho.