Kisu cha Bei Mbaya: Utoe Hela au Upite Hivi? Vidokezo 9 kwa Jiko la Singida

Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza dukani, muuzaji anapofungua boksi, anatoa jisu zito linalong'aa kama kioo, halafu anataja bei. Wapo watakaokuambia nunua, ukifa watoto wataligombania kwenye mirathi. Wapo watakaokuambia kwa hela hiyo unapata majogoo kadhaa, na jogoo anawika, kisu hakiwiki.

Nani mkweli? Wote, kwa kiasi chao. Kisu ghali kinamlipa anayekata kutwa nzima kutafuta riziki. Kwa sisi tunaokata mboga ya jioni na kuku wa Jumapili, kisu cha bei ya kati pamoja na kinoo kizuri kinatosha na chenji inabaki. Kama una haraka, jibu ndilo hilo. Kama una dakika chache, twende pamoja ili usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

1. Hesabu unachokata, si unachotamani

Kabla ya kufungua pochi, pitia wiki yako. Vitunguu kila siku, nyanya kila siku, majani ya mlenda ya kukausha, nyama mara mbili tatu, kuku mgeni akija. Sasa niambie, jisu la nusu kilo litafanya nini kwenye nyanya? Litaipasua tu, maskini. Uzito unasaidia pale unapokata kitu kinachokataa: mfupa, kuni. Kwingine kote unachohitaji ni makali. Taja vitu vitatu unavyokata mara nyingi zaidi, halafu nunua kisu cha vitu hivyo. Cha nne utaazima kwa jirani, kwani ujirani ni wa nini?

2. Usidanganywe na unene

Kisu kinene kinajisikia vizuri mkononi, unajiona mpishi wa hoteli. Lakini bapa nene likiingia kwenye boga linakwama katikati, nawe unabaki unasukuma kwa mikono miwili. Kinachoamua ubora ni chuma na jinsi kilivyokomazwa kwa moto. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya jikoni vya Ujerumani viko kwenye 56 hadi 58, na vya Kijapani mara nyingi hufika 60 na kupanda. Kigumu zaidi kinashika makali kwa muda mrefu, ila hakipendi ubabe: ukikipigiza kwenye mfupa kinatoka pengo. Kwa hiyo kisu cha Kijapani cha bei ya kutisha, ukikikutanisha na paja la jogoo aliyezunguka uwanja mwaka mzima, utalia, na safari hii kitunguu hakihusiki.

3. Kuku wa Singida haombi jisu, anaomba maarifa

Kuku wetu wa kienyeji wamepelekwa hadi Dar es Salaam kwa sifa zao, na sifa mojawapo ni mifupa isiyotania. Ndiyo maana wengi hudhani bila jisu zito haiwezekani. Jaribu hivi: shika paja, livute pembeni mbali na mwili, lipinde kuelekea mgongoni mpaka usikie "ko!". Hapo kiungo kimeachia. Pitisha ncha ya kisu kwenye uwazi ulioonekana, kata ngozi na mishipa, paja hilo mkononi. Bawa fanya vilevile. Mgongo na kifua vitenganishe kwa kufuata gegedu za mbavuni. Kisu kidogo chenye makali kitamaliza kuku mzima bila kugonga mfupa hata mara moja, na mchuzi hautakuwa na vipande vya mifupa vya kumkaba mjomba.

4. Mfupa una mwenyewe

Siku unayopika supu ya kongoro au mbavu za mbuzi, tazama wenzetu wa bucha wanavyofanya. Kisu chembamba cha kuchuna na kutenga nyama kiko pembeni, shoka liko juu ya gogo kwa ajili ya mfupa, na havibadilishani kazi. Nyumbani, nafasi ya shoka inachukuliwa vizuri na panga. Chuma cha panga hukomazwa kwa kiasi ili kisiwe kigumu mno, hivyo kikigonga mfupa kinavumilia badala ya kukatika. Na bei yake haifikii hata robo ya jisu la kwenye boksi. Tanzania ina historia yake hapa: kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilijengwa enzi za Mwalimu Nyerere kwa msaada wa China, na majembe na mapanga yake yalifika vijijini.

Sharti moja tu: panga la jikoni liwe la jikoni. Lile linalokwenda kurina asali kwenye vichaka vya Itigi, au kufyeka pembezoni mwa shamba la alizeti, libaki huko huko na utomvu wake.

5. Nenda dukani na sumaku mfukoni

Ujanja huu haugharimu kitu. Ile spika ya redio mbovu iliyoko uvunguni ina sumaku ndani, itoe. Ukifika dukani, igusishe kwenye bapa la kisu, karibu na makali. Ikikataa kabisa kunasa, shaka. Huenda hicho ni chuma kisichoshika kutu cha aina ya vijiko na masufuria, ambacho hata ukichome moto vipi hakikomai. Kitang'aa miaka kumi bila kukata kitu. Sumaku ikinasa, bado si cheti cha ubora, lakini umeshavuka mtihani wa kwanza. Muuzaji akikuuliza unafanya nini, tabasamu, mwambie unakisalimia.

Kama unapekua vyombo vya mtumba, soma maandishi kwenye bapa. Victorinox ya Uswisi imekuwepo tangu 1884, Tramontina ya Brazil tangu 1911, na jina la mji wa Solingen linalindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, haliandikwi kwenye kisu chochote tu. Ukiona limekosewa herufi, rudisha taratibu ulipokitoa.

6. Kagua mkia kabla ya sura

Visu vingi vya bei chee haviishi makali, vinavunjika shingo. Sababu ni mkia, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye mpini. Kikiwa kifupi kama kidole gumba, siku utakapokandamiza boga, mpini utabaki na wewe na kisu kitabaki na boga. Tafuta kisu ambacho chuma chake kinaonekana kimepita mpini mzima mpaka mwisho, kimekamatwa kwa misumari miwili au mitatu iliyokomelewa pande zote. Kisha kishike kama unakata, tikisa mkono. Kikicheza, rudisha. Mpini wa mbao ni mzuri, ila usiuache uloweke kwenye beseni la vyombo usiku kucha, utavimba kisha upasuke. Ukianza kulegea, kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe kwa kuuvuta sana. Haupendezi, lakini hautelezi hata mkono ukiwa na mafuta ya kuku.

7. Kabla ya Ujerumani, mpitie mhunzi

Springi ya Fuso iliyokufa ni chuma cha maana sana. Imetengenezwa kubeba tani za mizigo na kurudi ilivyokuwa, na mhunzi anayejua kazi yake ataigeuza kuwa kisu kizito au panga litakalokutumikia miaka. Siri iko kwenye kukikomaza. Muulize maswali mawili. La kwanza: ukishakipasha moto unakizamisha kwenye nini? Kwa chuma cha springi, mafuta ni salama zaidi. Maji hupoza ghafla na yanaweza kukipasua. La pili: baada ya hapo unakirudisha kwenye moto kidogo? Kama hakirudishwi, kitakuwa kigumu lakini kitakatika upesi.

Ukikabidhiwa, jaribu kwa tupa kwenye makali. Tupa ikiuma kirahisi na kutoa vumbi jingi, chuma bado ni laini, hakijaiva. Ikiteleza au ikiuma kwa shida, lipa hela ya watu na ushukuru. Jua tu kwamba chuma cha springi kinashika kutu: kioshe, kikaushe hapo hapo, kipake tone la mafuta ya alizeti kwa kitambaa. Tone, nimesema. Ukikijaza mafuta na kukiweka kabatini, baada ya wiki chache utakuta yamegeuka gundi.

8. Kinoo kwanza, kisu baadaye

Tukifika hapa nakuomba usimame. Kisu cha laki kikiwa butu kinashindwa na kisu cha buku tatu kilichonolewa asubuhi. Ndiyo maana hela ya kwanza iende kwenye kinoo chenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini.

Namna ya kunoa ni hii. Loanisha kinoo, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Simamisha kisu wima juu yake, makali chini. Kilaze nusu ya njia, halafu kilaze nusu tena. Pembe uliyobaki nayo ndiyo unayoitaka. Ishikilie hivyo hivyo, sukuma kisu kuanzia shina hadi ncha, upande mmoja, bila haraka. Kisha pitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, upande wa pili. Ukihisi kaukingo kadogo kanakwaruza, upande huo umetosha, geuza. Ukikapata tena, hamia upande laini wa kinoo ukaondoe. Kata karatasi: ikipita bila kuchana, kazi imekwisha.

Huna kinoo leo? Pindua kikombe cha udongo wa kauri. Ile pete isiyong'aa chini yake inarudisha makali ya dharura mgeni akiwa mlangoni. Na ukimpa fundi wa kunoa mwenye jiwe la baiskeli, mwombe achovye kisu kwenye maji kila mara. Cheche nyingi zinapendeza macho, lakini makali yakibadilika rangi na kuwa ya bluu, ugumu wa chuma umeondoka na hizo cheche.

9. Acha kukatia kwenye sinia

Makali yanauawa zaidi na unachokatia juu yake kuliko unachokikata. Sinia la bati, sahani ya udongo, sakafu ya saruji: vyote vigumu, na kila pigo linakunja makali. Kipande cha ubao, hata fundi seremala akupe masalia, kinaongeza maisha ya kisu chochote, cha bei yoyote. Weka kitambaa kibichi chini yake usiteleze. Na ninyi mnaokatia vitunguu kiganjani juu ya sufuria, nawaheshimu, lakini kidole hakina spea.

Hapa Singida faida utaiona upesi, maana kitunguu kwetu hakikosekani. Fika soko la Misuna msimu ukiwa umechangamka uone magunia yake mekundu. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda, na kitunguu kilichopondwa ndicho kinachorusha ule ukali machoni. Kisu kikali kinapita, vipande vinaanguka vyembamba, machozi yanapungua. Fanya kilo moja ya kachumbari uone.

Haya, piga hesabu yako

Chukua kalamu. Tuseme unanunua kisu cha shilingi 3,000 na kinakufa kila baada ya miezi mitatu. Kwa miaka mitano ni visu 20, shilingi 60,000, na muda wote huo umekata kwa hasira. Kama wewe ni mama lishe, unachoma kuku stendi au una bucha, hesabu inakuambia wazi: kisu kizuri cha gharama ni mtaji, nunua bila kuona aibu, kitajilipa chenyewe. Kama unapikia familia, nunua kimoja cha kati kilichopita mtihani wa sumaku na mkia, ongeza panga la mifupa, ongeza kinoo na ubao. Seti imekamilika, na bado huenda ikabaki ya kununulia jogoo. Kama unapenda tu visu vizuri jinsi wengine wanavyopenda viatu, nani akukataze? Nunua, mradi ukitumie.

Lakini duka halikimbii. Leo jioni, kabla ya kubandika ugali, toa kile kisu ulichonacho, kinoe kwa namna ya kidokezo cha 8, kisha ukate nyanya moja. Huenda ukagundua kwamba kisu ulichokuwa unakitafuta kiko kwenye droo yako tangu mwaka juzi.