Askari Aliye Mbele Yako: Nani Humpangia Kazi?

Umeibiwa simu pale Biryogo, mjini Kigali. Unakimbilia kituo cha polisi, askari anakusikiliza, kisha anakuelekeza mlango wa pili. Wengi huondoka wakinung'unika kwamba wamezungushwa, lakini askari amewaelekeza sawasawa. Tangu 2018 upelelezi wa makosa ya jinai umo mikononi mwa RIB, ofisi ya upelelezi ya Rwanda iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Polisi hulinda usalama, husimamia barabara, na humkamata mshukiwa na kumkabidhi. Kwa kuwa RIB na polisi mara nyingi wako ua mmoja, ni rahisi kuwachanganya.

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu malalamiko mengi dhidi ya polisi humlenga mtu aliyevaa sare, ilhali kazi yake imepangwa na wengine, tena zamani.

Ilikotoka polisi hii

Kabla ya 2000 Rwanda ilikuwa na vikosi vitatu. Jandarmeri ilikuwa chini ya Wizara ya Ulinzi, wapelelezi chini ya Wizara ya Sheria, na polisi wa komini walimtii burugumesta, yaani mkuu wa komini yao. Hao wa mwisho ndio funzo chungu zaidi. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maburugumesta wengi waliwatumia polisi wao kuua watu waliopaswa kuwalinda. Hivyo sheria ya Juni 2000 ilipounganisha vikosi hivyo kuwa Polisi ya Taifa, yenye makao yake Kacyiru, amri iliondolewa mikononi mwa wakuu wa mitaa na kupandishwa juu. Ndiyo maana ukimbembeleza askari wa Nyamirambo akuhurumie "kwa sababu tunajuana", yeye anamfikiria mkubwa wake.

Siku hizi hata huruma imepunguziwa nafasi. Kamera ya mwendo, ile ambayo madereva wameibatiza Sofia, haina shemeji wala jirani. Ujumbe wa faini unakufuata kwenye simu.

Chama cha wafanyakazi je?

Hakuna. Mwalimu au fundi wa ujenzi anaweza kujiunga na chama kilicho chini ya shirikisho la CESTRAR. Polisi hawezi, wala hawezi kugoma au kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unaiachia kila nchi iamue kama uhuru wa kuunda vyama utawafikia polisi na wanajeshi.

Nchi zimeamua tofauti. Afrika Kusini ina chama cha POPCRU, kilichoanzishwa 1989 na polisi na askari magereza waliochoka kutumikia ubaguzi wa rangi. Uingereza ilipiga marufuku vyama vya polisi 1919, baada ya migomo. Kenya, katika Katiba ya 2010, iliruhusu sheria ibane haki za kazi za polisi, lakini ikaunda tume ya kushughulikia ajira, uhamisho na nidhamu yao.

Kwetu, polisi anategemea Zigama CSS, benki ya ushirika ya vyombo vya usalama iliyoanza 1997, na bima ya afya ya MMI. Wengine hupangiwa kulinda amani Sudan Kusini au Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tusiyadharau hayo. Lakini Zigama inaweza kumkopesha askari pesa za kujenga nyumba. Haiwezi kuketi na mkuu wake kujadili urefu wa zamu. Askari aliyesimama juani tangu alfajiri hana wa kumsemea isipokuwa huyo huyo aliyempanga pale.

Kwa mwananchi, hali hii ina faida yake. Mwaka 2017 Baraza la Mawaziri liliwafukuza kazi polisi karibu 200 kwa makosa yakiwemo ya rushwa. Penye chama chenye nguvu, kesi kama hizo huvutwa kwa miaka. Ila askari aliyeonewa naye hupita njia hiyo hiyo fupi, na hilo husemwa mara chache.

Ufanye nini basi

Usibishane na askari barabarani kuhusu sheria yenyewe. Hakuitunga, na hana ruhusa ya kuilegeza. Angalia kwanza sare: anayewaondoa wachuuzi kando ya njia huenda ni DASSO, askari wa usalama wa wilaya, na malalamiko dhidi yake hupelekwa wilayani. Ukiibiwa, piga 166, namba ya RIB. Ajali ni 113, dharura nyingine 112. Polisi akikudhulumu, piga 3511. Soma jina lililo kifuani mwake, kumbuka saa na mahali, na uyaseme hayo kabla ya kuanza kueleza ulivyokasirika.