Kope Iliyoshuka Si Usingizi

Nikiwa fildi Tabora, barabara ya Kwihara walikopita watu wa misafara, nilimkemea mtoto darasani: "Amka wewe!" Akajibu taratibu, "Sijalala, mwalimu." Kope ya jicho lake moja ilikuwa imeshuka, aliinua kidevu ili aone ubao.

Kwa watoto, mara nyingi hali hii ni ya kuzaliwa: msuli unaoinua kope ni dhaifu. Kope ikiziba mboni, ubongo hulizoea kulipuuza jicho hilo na uoni hudhoofika. Hivyo apimwe mapema. Upasuaji wa kukaza msuli huweza kuiinua. Ila kope ikishuka ghafla, ukaona vitu viwiliviwili au kichwa kikauma sana, wahi hospitali.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kisha nikamwita mama yake.